Profesa Salmon: mtu aliyebadili hesabu ya uchungu wa bia

Shehena ya kiwanda cha bia inapovuka mpaka, iwe inaelekea Jinja, Gisenyi au Bujumbura, macho ya wengi huenda kwenye kimea, sukari na kreti za chupa, kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyojaza malori.

Hata hivyo, ipo bidhaa moja ambayo uzito wake ni mdogo mno ukilinganishwa na hivyo, lakini ikikosekana hakuna bia. Bidhaa hiyo ni hopsi, yaani maua yaliyokaushwa ya mmea unaotambaa, ambayo huipa bia uchungu na harufu yake na kuisaidia isiharibike upesi.

Hopsi hazistawi vizuri karibu na Ikweta. Mmea huo unahitaji mchana mrefu wa majira ya joto ya nchi zilizo mbali na Ikweta. Kwa sababu hiyo, viwanda vya Afrika Mashariki na Kati vinaweza kupata shayiri Narok, Karatu au Kapchorwa, na mtama kwa wakulima wa vijijini, lakini hopsi huagizwa kutoka ng'ambo.

Anayeagiza huulizwa swali moja kabla ya mengine yote: anataka aina gani, na ina asilimia ngapi ya asidi za alfa? Swali hilo, ambalo leo ni la kawaida katika biashara hii, lilipata nguvu kutokana na kazi ya Mwingereza mmoja, Ernest Stanley Salmon, aliyezaliwa mwaka 1871 na kufariki dunia mwaka 1959.

Mtaalamu wa ubwiri unga

Salmon alizaliwa Richmond, karibu na jiji la London. Hakuanza na bia wala hopsi. Akiwa kijana alivutiwa na mimea midogo ya kuvumwani, kisha akageukia kuvu wanaoshambulia mimea.

Mwaka 1900, akiwa hajatimiza miaka 30, kitabu chake juu ya kuvu wa ubwiri unga kilichapishwa nchini Marekani. Kilikusanya na kupanga aina za kuvu hao zilizokuwa zikijulikana duniani wakati huo, na kikamjengea jina miongoni mwa wataalamu wa nchi nyingi.

Wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi wanaujua vyema ubwiri unga, ule unga mweupe unaofunika maua ya mkorosho na kuyakausha kabla hayajazaa. Ugonjwa wa hopsi alioshughulika nao Salmon unatoka katika familia hiyo hiyo ya kuvu.

Katika majaribio yake aligundua jambo lililomsaidia maisha yake yote. Kuvu wanaofanana kabisa kwa macho hawakuwa sawa kwa tabia: waliotoka kwenye mmea mmoja mara nyingi walishindwa kuushambulia mmea mwingine wa jamii ya karibu. Maana yake ni kwamba kinga dhidi ya ugonjwa inaweza kuwa ndani ya mmea wenyewe, na kinachobaki ni kuitafuta.

Wakati huo huo alijiingiza katika suala la mipaka. Mwaka 1900 ubwiri wa matunda ya gusberi kutoka Marekani ulionekana Ireland, na Salmon ndiye aliyeutambua. Aliandika na kushinikiza kwa miaka kadhaa kwamba miche yenye ugonjwa izuiwe bandarini kabla haijasambaa mashambani.

Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya wadudu na magonjwa waharibifu mwaka 1907. Hata hivyo, ugonjwa ulikuwa umekwisha kuingia England mwaka mmoja kabla. Ni funzo ambalo maofisa wa ukaguzi wa mimea mipakani wanalifahamu hadi leo: cheti cha afya ya mimea hakina faida kubwa kinapofika baada ya mche.

Mashamba ya Kent taabani

Mwaka 1906 Salmon alihamia chuo cha kilimo cha Wye, katika mkoa wa Kent, kusini mashariki mwa England. Huko alikuta wakulima wa hopsi wakiwa katika hali mbaya.

Mwaka 1878 England ilikuwa na ekari zaidi ya 70,000 za hopsi. Miaka 30 baadaye eneo hilo lilikuwa limepungua kwa karibu nusu. Hopsi za Marekani na za bara la Ulaya ziliingia kwa wingi na kwa bei nafuu, ilhali magonjwa yalikula mavuno ya nyumbani.

Walioumia hawakuwa wenye mashamba peke yao. Kila mwaka maelfu ya familia maskini za mashariki mwa London zilihamia Kent kwa wiki kadhaa kuchuma hopsi, na ujira huo ulikuwa sehemu ya matumaini yao ya mwaka mzima.

Mei 1908 wakulima na wachumaji waliandamana hadi uwanja wa Trafalgar mjini London, wakidai hopsi za kigeni zitozwe ushuru. Kamati ya Bunge ikachunguza suala hilo. Ushuru wenyewe ulikuja baadaye sana, mwaka 1925.

Salmon alilitazama tatizo kwa namna nyingine. Alijiuliza kwa nini watengenezaji wa bia wa Kiingereza, waliokuwa wakisifu hopsi za nyumbani, waliendelea kununua za Marekani.

Jibu lilikuwa ndani ya ua lenyewe. Ua la hopsi lina unga wa njano unaonata, uitwao lupulini. Katika unga huo mna utomvu, ambao huleta uchungu na kuzuia vimelea vinavyochachusha bia, na mna mafuta, ambayo huleta harufu. Hopsi za Marekani zilikuwa na utomvu mwingi lakini harufu yake ilionekana kuwa kali mno. Zile za Kiingereza zilikuwa na harufu tulivu lakini utomvu kidogo.

Kwa hiyo lengo lake likawa kuzaa hopsi moja yenye nguvu ya Marekani na ustaarabu wa Kent, ambayo pia ingestahimili magonjwa. Endapo angefaulu, mkulima angeweza kushindana sokoni hata bila ukuta wa ushuru.

Aina mbili kongwe

Hopsi za Kiingereza zilizotawala soko zilikuwa mbili. Golding ilienea kuanzia mwishoni mwa karne ya 18 na ndiyo iliyopata bei ya juu. Fuggle iliingia sokoni karne iliyofuata, ikapendwa kwa kuzaa vizuri hata kwenye udongo mzito. Zote mbili kwa kawaida huwa na asidi za alfa za asilimia 4 hadi 6.

Mnunuzi wa zama hizo alilinganisha kwa mkono na pua. Alifikicha maua viganjani, akatazama rangi, akanusa, kisha akataja bei. Jina la aina na jina la shamba lilikuwa na uzito mkubwa kuliko kipimo chochote.

Majina hayo yaliweza kupotosha. Mfano mzuri upo Slovenia, ambako hopsi maarufu iitwayo Styrian Golding si Golding hata kidogo. Ni Fuggle iliyopelekwa huko kutoka England ikapewa jina la mwenzake, na jina hilo limedumu katika biashara hadi sasa.

Salmon alitaka ulinganisho wa aina nyingine. Mmea mpya ungepimwa shambani kwa mavuno na afya, maabara kwa utomvu, na mwishowe kiwandani kwa kupikiwa bia. Majaribio ya aina zake yaliendeshwa pia katika kituo cha utafiti cha East Malling, huko huko Kent.

Kazi hiyo ilikuwa ya polepole. Hopsi ina mimea dume na mimea jike, kama mpapai, na kila mbegu huzaa mmea usiofanana kamili na wenzake. Mkulima huepuka mbegu na kupanda vipande vya shina, kama apandavyo pingili za muhogo, ili apate kitu kile kile. Mzalishaji wa aina mpya hana njia hiyo ya mkato. Hana budi kuotesha mbegu kwa maelfu, kungoja miaka kadhaa mimea ikomae, kisha kutupa karibu yote.

Kifurushi kutoka Canada

Mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Salmon alipokea kipande cha hopsi mwitu kilichotoka Morden, katika jimbo la Manitoba nchini Canada. Aliyekituma alikuwa William Macoun, mtaalamu mkuu wa kilimo cha bustani wa serikali ya Canada.

Mtu aliyekuwa amepigania mipaka ifungwe dhidi ya miche yenye ugonjwa alikuwa sasa anapokea mche kutoka bara lile lile. Tofauti ni kwamba huu ulipitia mikononi mwa mtaalamu, ukapandwa katika bustani ya chuo ambako kila jani lilitazamwa. Alichopinga ni uzembe wa mpakani. Biashara ya mimea yenyewe hakuipinga.

Mmea huo ulipewa alama BB1. Mwaka 1918 ulichavushwa na upepo, kwa chavua ya hopsi dume za Kiingereza zilizokuwa jirani, hivyo baba hakujulikana. Salmon alikusanya mbegu.

Majira ya baridi yaliyofuata BB1 ikafa. Kama mbegu zisingevunwa mwaka ule, historia ya hopsi ingekwenda njia nyingine.

Miche iliota mwaka 1919. Miongoni mwake Salmon alichagua mmoja wenye alama C9a na mwingine wenye alama Q43. Vipimo vilionyesha kuwa utomvu wake ulizidi kwa mbali ule wa Golding na Fuggle. Mimea hiyo ilibeba asidi za alfa za karibu asilimia 8 hadi 10.

Hesabu yake ni nyepesi kwa mfanyabiashara yeyote. Kilo 100 za hopsi yenye asilimia 5 zina kilo 5 za asidi za alfa. Kilo 100 za hopsi yenye asilimia 10 zina kilo 10. Anayetafuta uchungu peke yake atahitaji nusu ya mzigo, nusu ya magunia, na nusu ya nafasi melini na ghalani.

Watengenezaji bia wakunja pua

Wakati miche ikiendelea kupimwa, mambo yalizidi kuwa magumu mashambani. Mwaka 1920 Salmon alikuta ubwiri vinyoya, ugonjwa mwingine wa hopsi, katika bustani ya Wye kwenyewe. Katika miaka iliyofuata ugonjwa huo ulienea England na bara la Ulaya. Mwaka 1924 mnyauko ulionekana Penshurst, Kent, na huo ukiingia udongoni ni vigumu kuutoa.

Mwaka 1932 ilianzishwa bodi ya kuuza hopsi, iliyowapangia wakulima kiasi cha kuuza ili bei isianguke.

Hatimaye, mwaka 1934, C9a ilitolewa kwa wakulima kwa jina la Brewer's Gold, yaani dhahabu ya mtengenezaji bia. Q43 ilifuata mwaka 1938 kwa jina la Bullion. Ilikuwa imepita miaka 28 tangu Salmon afike Wye, na miaka 15 tangu mbegu ya C9a iote.

Mapokezi hayakuwa mazuri. Watengenezaji wengi wa bia wa Kiingereza walinusa na kukunja pua. Walisema imebeba harufu ya Marekani, ile harufu kali ya matunda ya porini ambayo Salmon alikusudia kuitoa. Kwao, wingi wa utomvu haukutosha kufidia kasoro hiyo.

Pingamizi lao lilikuwa na msingi. Mnywaji wa bia ya Kiingereza alizoea ladha moja, na kiwanda kingepoteza wateja kwa kuibadili ghafla. Aidha, Brewer's Gold na Bullion zilipoteza nguvu upesi zikikaa ghalani, na hiyo ni dosari kubwa kwa bidhaa inayovunwa mara moja tu kwa mwaka.

Salmon hakuacha kazi wala hakulaumu soko. Aliwarudisha watoto na wajukuu wa hopsi ya Manitoba katika ukoo wa Golding, ili kupunguza ukali bila kupoteza uchungu. Mwaka 1927 alikuwa amekwisha kupata Bramling Cross kwa njia hiyo. Mwaka 1934 alichavusha Canterbury Golding kwa dume lenye damu ya Brewer's Gold.

Mtoto wa uchavushaji huo wa mwaka 1934 alitolewa mwaka 1944 kwa jina la Northern Brewer. Hii ilikuwa na asidi za alfa za karibu asilimia 8 hadi 10, harufu iliyokubalika zaidi, na ilitunzika ghalani vizuri kuliko Brewer's Gold. Salmon alikuwa na umri wa miaka 73.

Soko lapatikana kwingine

Nabii hakosi heshima ila kwao, na hopsi hizo zilipata soko kubwa nje ya Kent. Brewer's Gold na Bullion zilipandwa kwa wingi Oregon, Marekani, zikawa hopsi za uchungu za nchi hiyo kwa miongo kadhaa.

Nchini Ujerumani, mnyauko ulipoyashambulia mashamba ya Hallertau katika miaka ya 1950, wakulima waligeukia Northern Brewer kwa sababu iliustahimili ugonjwa huo kuliko aina yao ya asili. Salmon alifariki Oktoba 1959, akiwa ameuona mwanzo tu wa mafanikio hayo.

Mageuzi makubwa yalikuja baada ya kifo chake. Viwanda vya bia vilikua, maabara zikaboresha vipimo vya uchungu, na hopsi zikaanza kusagwa na kushindiliwa kuwa punje ndogo, au kukamuliwa kuwa dondoo zito la kwenye makopo. Wanunuzi wakubwa wakaanza kuhesabu bei kwa kilo ya asidi za alfa. Kipimo ambacho watengenezaji wa bia wa mwaka 1934 walikiweka nyuma ya harufu kikawa msingi wa mikataba.

Uzao wa BB1 nao ukaongezeka. Galena ya Marekani, iliyotolewa mwaka 1978, ni mtoto wa Brewer's Gold. Magnum ya Ujerumani, yenye asidi za alfa za asilimia 12 hadi 14, ni mtoto wa Galena. Perle ya Ujerumani na Northdown ya Wye zote zimetokana na Northern Brewer. Nugget ya Marekani, ya mwaka 1982, nayo ina damu ya Brewer's Gold.

La kushangaza zaidi ni kwamba hata ile harufu iliyokataliwa imepata wateja. Viwanda vidogo vya bia vilivyoanza kuenea Marekani tangu miaka ya 1980 vilijenga jina kwa hopsi zenye harufu kali ya matunda, na wanywaji wakakubali kuzilipia zaidi.

Chuo cha Wye chenyewe hakipo tena. Kiliunganishwa na chuo cha Imperial cha London mwaka 2000 na mafunzo yake yakafungwa mwaka 2009. Hopsi zilizozaliwa humo bado zinapandwa.

Maana yake kwa mwagizaji wa leo

Kazi ya Salmon imeacha mambo ambayo kila anayeagiza hopsi hana budi kuyapima. Kwanza ni kutenganisha hopsi ya uchungu na hopsi ya harufu. Ya uchungu hulinganishwa kwa bei ya kilo ya asidi za alfa, wala si kwa bei ya gunia. Ya harufu hulinganishwa kwa bia iliyopikwa, kwa kuwa asilimia haisemi lolote kuhusu pua ya mnywaji.

Pili ni mwaka wa mavuno na uwezo wa kutunzika. Hopsi yenye asilimia 10 siku ya kuvunwa haibaki hivyo baada ya kukaa wiki nyingi katika joto la ghala la Mombasa au Dar es Salaam. Ndiyo maana mizigo ya siku hizi hufungwa kwenye mifuko isiyopitisha hewa na hutunzwa kwenye baridi.

Tatu ni karatasi za forodha. Maua ya hopsi, yawe makavu, yaliyosagwa au ya punje, huingia katika kichwa namba 1210 cha mfumo wa kimataifa wa bidhaa, ilhali dondoo lake huingia katika namba 1302.13. Anayechanganya namba hizo hukwama mpakani hata kama mzigo wake ni halali.

Afrika Kusini, ambayo hulima hopsi katika eneo la George, ilifuata njia aliyoifuata Salmon: ilizalisha aina zake yenyewe zinazovumilia mchana mfupi kuliko ule wa Ulaya. Kwa nchi zilizo karibu zaidi na Ikweta, hopsi bado ni bidhaa ya kuagizwa, na kati ya aina za uchungu zinazouzwa duniani leo, nyingi zinatokana na mmea mmoja wa Manitoba ulioishi miaka isiyozidi mitatu katika bustani ya Wye.